Kabla ya kununua leza kubwa zaidi

Msomaji mmoja ana kihisi cha mkondo kilichofungwa kwenye laini ya kilovolti 132, katika kituo cha kupozea umeme. Waya wa shaba haufai kupanda huko, kwa hiyo anakilisha kwa mwanga wa leza kupitia faiba ya mita 500. Kinawaka, kinazima, kinawaka tena. Sasa anataka leza ya wati 4. Asinunue.

Tupige hesabu. Leza yake ni ya wati 2, nanomita 808, kwenye faiba ya multimodi, yaani yenye kiini kipana, ya 62.5/125 (kipenyo cha kiini na cha ganda lake kwa mikromita). Hapo kilomita moja hula desibeli 3 hivi, yaani nusu ya mwanga. Mita 500 ni 1.5. Konekta mbili zipe nusu desibeli kila moja. Jumla 2.5, mwanga unaofika ni wati 1.1. Seli ya galiamu aseniidi, inayogeuza mwanga kuwa umeme, ikigeuza asilimia 45, inapatikana nusu wati. Kihisi kinahitaji wati 0.15. Umeme upo, tena wa kusaza.

Tatizo ni kuamka. Seli ya mwanga si betri. Mkondo wake una kikomo. Kibadilisha volti kikianza huvuta mkondo mwingi, volti ya seli inashuka, nacho kinavuta zaidi kufidia, mpaka vyote vinalala. Weka kapasita (kihifadhi chaji) ya mikrofaradi 1,000 kwenye seli, na swichi ya volti inayofungulia mzigo kwenye volti 5.5 na kuukata kwenye 4.5, ikiwa seli ni ya volti 6. Mshuko huo unatoa milijuli 5, yaani wati 1 ya ziada kwa milisekunde 5. Redio ya kihisi ikituma kwa muda mrefu zaidi, ongeza kapasita.

Bado inazima? Kagua ncha za konekta kwa darubini ya faiba, leza ikiwa imezimwa. Vumbi kidogo kwa wati 2 huungua na kuacha kovu. Wekundu hafifu unaouona kwenye 808 usikudanganye: mwanga huo unapofusha. Halafu tazama kama mwanga unagonga katikati ya seli, maana vipande vyake vimeungwa mfululizo, na kilichopata mwanga kidogo ndicho kinachobana mkondo wa vyote.

Kwa kilomita 5 hesabu hii inavunjika: desibeli 15 kwenye kebo pekee, inabaki asilimia 3. Huko hamia singo modi, faiba yenye kiini chembamba, na nanomita 1550, desibeli 0.2 kwa kilomita, ingawa seli zake kwa kawaida hugeuza sehemu ndogo kuliko za galiamu aseniidi. Usipandishe leza ovyo: kwenye singo modi, kuanzia wati moja au mbili, konekta chafu inaweza kuwasha moto ndani ya kiini cha faiba, ukarudi kuelekea kwenye leza kwa takriban mita moja kwa sekunde. Kipande ulichopita hakiungwi, kinabadilishwa.