Semina ya wiki 7 usikubali kuifanya kwa siku 2

Dada, usilipie hiyo Semina ya Maisha katika Roho ya siku 2. Umeuliza ununue Biblia ipi, kama mumeo Mlutheri ataruhusiwa kuhudhuria, na kama ujiandikishe kwa ile ya Jumamosi na Jumapili kwa kuwa kazi inakubana. Nashika hilo la mwisho, maana nami nilipitishwa huko huko na najua linavyoumiza.

Semina hii, ambayo Wakarismatiki Wakatoliki humwandaa nayo mtu kuombewa Roho Mtakatifu, imepangwa wiki 7, na mada zenyewe ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Nusu saa mtu anafundisha, basi. Kazi yenyewe iko katika siku 6 zinazofuata: kila siku andiko moja fupi, dakika 15, kabla hujashika simu. Kisha mnarudi kikundini, watu 6 hadi 8, kila mmoja aseme andiko lipi lilimgusa na siku ipi hakusali kabisa. Upendo wa Mungu, wokovu, maisha mapya, kupokea kipaji cha Mungu: wiki 4 hizo unalimwa kama shamba. Kabla ya wiki ya 5 unakwenda kuungama, ndipo unawekewa mikono na kuombewa. Ya 6 na ya 7 ni za kukua.

Ukizibana ndani ya siku 2, mada zote utazisikia, ila mazoea ya sala hutayapata. Jumapili jioni utalia kwa furaha. Alhamisi utafungua Biblia uone maandishi makavu, useme Roho ameniacha, uanze kutafuta semina nyingine. Wengi huzunguka hivyo miaka, na jumuiya yao wameshaisusa kwa kuiona imepoa.

Kiongozi aliyenishawishi alisema Roho hana kalenda, na kwamba vuguvugu hili la Karismatiki Katoliki lilianzia mafungo ya wikendi moja ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duquesne, Pittsburgh, Marekani, Februari 1967. Kweli, yalikuwa ya wikendi. Alichoficha ni kwamba wanafunzi wale waliagizwa wasome kwanza sura 4 za mwanzo za Matendo ya Mitume, na baadhi ya walimu wao walikuwa wakiombeana Roho Mtakatifu tangu 1966. Kumwambia mtu mwenye kiu nusu ya habari namna hiyo ni kumkosea sana.

Na hiyo ahadi ya waandaaji kwamba Jumapili jioni utanena kwa lugha, nani kawapa mamlaka ya kuahidi? Karama hugawiwa apendavyo Roho, 1 Wakorintho 12:11. Sura ya 14 Paulo anataka wanene 2 au 3, kwa zamu, na awepo wa kufasiri. Mtu akikushika kidevu na kukuambia "rudia haraka haraka, usifikiri", toa mkono wake. Hapo anakufundisha silabi. Roho Mtakatifu ulishampokea katika Ubatizo na Kipaimara. Maombi yale ya kuwekewa mikono ni ya kuomba afanye kazi kwa uhuru ndani yako, wala si sakramenti mpya.

Kwa hiyo, kabla hujatoa senti, muulize mwandaaji swali moja: wiki moja baada ya kuombewa, nitakaa kikundi gani, siku gani, saa ngapi? Akikujibu "tutawasiliana kwenye grupu la WhatsApp", hiyo semina iache. Nenda ofisi ya parokia uulize ya wiki 7 inaanza lini, hata kama ni baada ya Pasaka.