Maswali ya wasomaji: Paka wa barazani ana mimba

SWALI: Paka wa mtaani amehamia barazani kwetu na tumbo limeshashuka. Tunampa ugali na maziwa ya ng'ombe, ila anaharisha. Tumwandalie nini, na tutajuaje kama amekwama wakati wa kuzaa? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Maziwa yaacheni leo. Paka wengi wakubwa hawawezi kuyeyusha sukari iliyomo, ndiyo maana anaharisha, na paka mwenye mimba akipungukiwa maji huwa mashakani upesi. Mwekeeni bakuli la maji safi. Ugali nao unashibisha tu. Paka ni mla nyama. Paka wa kilo tatu hivi mpeni kama robo kilo ya samaki kwa siku, aliyechemshwa bila chumvi wala vitunguu na kutolewa miiba, kwa mafungu manne, kwa sababu tumbo limebanwa na watoto. Supu yake msiimwage, mmiminieni humo humo: taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kukikosa, huyeyuka na kubaki majini. Dagaa wa chumvi walowekeni na kumwaga maji kwanza. Maini yawe kipande cha kidole gumba mara moja kwa wiki, maana vitamini A ikizidi hudhuru watoto tumboni. Mkiweza kununua chakula cha dukani cha watoto wa paka, hicho ni bora kuliko vyote hivi.

Mimba ya paka huchukua siku 63 hadi 65 hivi. Tumbo likionekana na mpita njia, nusu ya safari imeshapita. Msilibonyeze kuhesabu watoto.

Pa kuzalia, tafuteni boksi gumu la kama sentimita 60 kwa 40, mkate mlango ila mwache kizingiti cha sentimita 15 ili vichanga wasitoke. Tandikeni shuka kuukuu. Taulo lenye nyuzi za vitanzi hunasa kucha. Boksi liwe kwenye kona yenye giza, mbali na madume, ambao huua watoto. Balaa jingine la kwetu ni siafu: wanaweza kumaliza vichanga kwa usiku mmoja. Liwekeni boksi juu ya meza fupi na miguu ya meza ikae kwenye makopo ya maji, kama wanavyofanya watu kwa kabati la chakula. Msitie mafuta ya taa, atayalamba manyoyani. Pengine atalikataa boksi lenu na kuzaa chini ya ngazi. Mwacheni huko huko, bora tu pawe pakavu.

Akianza kuzaa, kaeni mbali. Mtoto mmoja na mwingine hupishana kwa dakika kumi hadi saa moja, na paka wengine hupumzika kwa saa nyingi huku wametulia wakinyonyesha. Hilo si kukwama. Kukwama ni kusukuma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 bila kitu kutoka, au uchafu wa kijani kutoka kabla ya mtoto wa kwanza, au damu mbichi inayochuruzika. Hapo ni daktari wa mifugo, si kuvuta kwa mkono. Kondo la nyuma akilila, mwacheni.

Akiumwa, msimpe Panadol. Hata kipande kinaweza kumuua. Vivyo hivyo dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini.

SWALI: Mke wangu naye ni mjamzito. Tumfukuze paka? — Msomaji huyo huyo

JIBU: Hapana, ila mke asiguse kinyesi cha paka. Humo huweza kuwamo vijidudu vya toksoplasma, vinavyoleta ugonjwa unaoweza kumdhuru mtoto tumboni. Huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla ya kuambukiza, basi wewe zoa kinyesi kila siku na unawe. Pia asishike udongo wa bustani bila glavu, na nyama iive vizuri, maana huko nako ugonjwa huu hupatikana. Yeyote aking'atwa au kukwaruzwa na paka, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

SWALI: Watoto tutawagawa lini? — Msomaji, Tanga

JIBU: Wakitimiza wiki nane, si kabla. Ila msimsahau mama: anaweza kushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha. Mpangieni daktari amfunge kizazi mara watoto wanapoacha ziwa, na hadi siku hiyo madume wasimfikie.