Maswali ya Wasomaji: Wembe wenye utepe wa kulainisha

Swali: Hamjambo. Supamaketi za hapa mjini zimejaa nyembe za makali matatu hadi matano, zenye utepe wa rangi juu ya kichwa. Muuzaji ananiambia nikilowesha uso tu, sihitaji sabuni wala povu. Mimi hunyoa kila siku ya kazi, na chini ya kidevu nina vipele visivyoisha. Ninunue?
*Msomaji wa Kondele, Kisumu*

Jibu: Ndugu, utepe huo si uongo, ila muuzaji ameutwika mzigo usio wake. Ni plastiki iliyochanganywa na polietilini oksaidi, kitu kinachogeuka ute kikipata maji. Gillette waliuingiza sokoni mwaka 1985 kwenye wembe wa Atra Plus, na baadaye watengenezaji wakaanza kutia mshubiri, vitamini E na manukato. Hivyo vya kuongezwa vinasomeka vizuri kwenye pakiti. Kinachoteleza hasa ni ule ute.

Hebu shika kichwa cha wembe uangalie utepe umekaa wapi. Kwenye nyembe nyingi uko nyuma ya makali. Ukivuta wembe shavuni kuteremka, raba ya chini hutangulia, makali hufuata, utepe huja mwisho. Kwa hiyo mara ya kwanza makali yanapita kwenye ngozi ambayo utepe haujaigusa bado. Faida yake utaiona ukirudia palepale, au ukigusa sehemu uliyokwisha kuinyoa. Tena ute huo haulainishi ndevu. Kinacholainisha ndevu ni maji: zipe dakika 2 au 3 za maji ya uvuguvugu, kisha paka sabuni yenye povu zito ili maji yasikauke usoni kabla hujamaliza. Ukinyoa kwa maji matupu na utepe peke yake, shavu la kwanza litakwenda vizuri, na kufika la pili maji yamekauka na wembe unakwaruza.

Sasa vipele. Kwa hili, usitarajie utepe ukusaidie. Wembe wa makali mengi hufanya kazi hivi: kali la kwanza linauvuta unywele juu kidogo, linalofuata linaukata kabla haujarudi, na ncha inabaki chini ya usawa wa ngozi. Kwa ndevu zilizonyooka hakuna neno. Kwa ndevu zilizojikunja kama za wengi wetu, ile ncha kali hutoboa ukuta wa kitundu chake kabla haijatoka nje, au hutoka, ikajipinda na kuingia tena pembeni. Mwili unaiona kama mwiba, unavimba. Ngozi iteleze isiteleze, ncha ni ileile.

Pumzika kunyoa kwa wembe kwa wiki 4 hivi. Kazini wakikubana, kinyozi apitishe mashine na kuacha ndevu za kama milimita 1. Mwambie asiishindilie kwenye ngozi. Vipele vikitulia, tumia kali moja tu: wembe wa kuwili kama Nacet (una makali pande mbili, ila ngozini hupita moja tu kwa mvuto), uliofungwa kwenye mpini wa chuma. Papasa shingo ikiwa kavu ujue ndevu zinalalia wapi, maana chini ya taya mara nyingi hulalia kando au hata kuelekea juu. Nyoa kufuata zinakolalia. Usivute ngozi, usikandamize, usirudie zaidi ya mara moja, na suuza wembe kila baada ya mvuto mmoja au miwili. Ukiona usaha au uvimbe mgumu unaobaki, nenda kliniki ya ngozi usisubiri, kwa sababu makovu ya kuvimba hayaondoki kirahisi.

Swali: Mimi ni mwanamke, nanyoa miguu na kwapa. Kuna zile zenye kipande cha sabuni kizima kuzunguka makali. Je, zinafaa?
*Msomaji wa Section 58, Nakuru*

Jibu: Dada, kwako tunasema jaribu. Sabuni imezunguka makali pande zote, kwa hiyo inatangulia na pia inafuata, na mguu ni eneo pana lisilo na kona nyingi. Kasoro ni mbili. Kichwa ni kinene, hivyo kwapa lenye shimo na nyuma ya goti kitapita juu juu. Ya pili, sabuni huyeyuka upesi kichwa kikiachwa kwenye maji au chini ya bomba la moto. Mara nyingi inaisha makali yangali mazima, nawe unalazimika kununua kichwa kingine. Kikung'ute, kitundike mahali pakavu, si ukingoni mwa beseni. Asubuhi za baridi za Nakuru, ngoja vinyweleo vya baridi vilale kwanza; ngozi ikisisimka hutoa vipele vidogo, na wembe hukata vichwa vyake. Kama manukato hukuwasha, paka kidogo ndani ya mkono, ungoje siku nzima kabla ya kugusa kwapa.

Swali: Utepe wa wembe wangu umekuwa mweupe. Nitupe kichwa, au nipake mafuta ya kujipaka badala yake?
*Msomaji wa Lurambi, Kakamega*

Jibu: Rangi ikififia inaonyesha ute umepungua, haisemi kitu kuhusu makali. Makali yamechoka ukihisi yanang'oa badala ya kukata, na kichwa kimoja kwa kawaida huenda kunyoa mara 5 hadi 10, ndevu ngumu zikipunguza idadi. Sabuni nzuri inaziba pengo la utepe kabisa. Mafuta mazito ya kujipaka usiyatumie kabla ya kunyoa: yanaganda na nywele katikati ya makali, maji hayayaondoi, na wembe unaanza kuruka ruka. Yapake baada ya kunyoa, ngozi ikishakauka.

Swali: Tunaweza kushiriki mpini mmoja na kaka yangu?
*Msomaji wa Bungoma*

Jibu: Mpini ndiyo, mradi uoshwe. Kichwa hapana, hata kwa siku moja. Damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuambukiza homa ya ini aina ya B, na kukimwagia spiriti haraka haraka hakufiki kwenye nafasi nyembamba kati ya makali. Kila mmoja awe na kichwa chake, na kipitishiwe alama ya rangi ya kucha ili msichanganye.