Maswali ya Wasomaji: Kuhamisha Familia kutoka Mombasa kwenda Dar es Salaam

Swali: Hamjambo wahariri. Mume wangu ni mhandisi, amepata kazi Dar es Salaam, anaanza Januari. Tunakaa Nyali na watoto watatu. Hapa kodi tunalipa mwezi kwa mwezi, na tuliweka amana ya mwezi mmoja tu. Tumesikia nyumba za Dar ni ghali kama za kwetu, basi tumepiga hesabu tukaona mshahara utatosha. Tuangalie nini zaidi? *Mama wa watatu, Nyali*

Jibu: Hatujambo, dada. Kodi ya mwezi haitawasumbua sana. Kitakachowabana ni mkupuo wa kwanza. Wenye nyumba wengi wa Dar hutaka kodi ya miezi sita kwa pamoja, wengine ya mwaka mzima, kabla hawajakabidhi funguo. Na dalali naye huwa anachukua kodi ya mwezi mmoja. Tuseme nyumba ni shilingi 900,000 za Tanzania kwa mwezi: miezi sita ni 5,400,000, dalali 900,000, jumla 6,300,000. Hapo lori halijapakiwa, ada ya shule haijalipwa, na mshahara wa kwanza ni mpaka mwisho wa Januari. Kwa hiyo mume wako amwombe mwajiri amkopeshe kodi ya awali, iwe inakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara, na aombe kabla ya kusaini mkataba wa kazi. Akishasaini, hana tena cha kushikilia.

Msilipie nyumba kwa picha za simu. Mume atangulie, na akiipata ya kumpendeza, ajaribu kutoka hapo kwenda kazini saa 12 asubuhi siku ya kazi. Nyumba nzuri ya Tegeta, pembezoni mwa jiji, kwa mtu anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, ina maana ya kuwaona watoto wakiwa wamelala. Kigamboni, ng'ambo ya maji, pango la nyumba ni nafuu, ila ninyi mliozoea kupanda feri ya Likoni kwa miguu bila malipo mjue kivuko cha Kigamboni kina nauli, shilingi 200 kwa mtu kila mnapovuka, kwenda na kurudi kila siku.

Ndani ya nyumba kuna mambo mawili ya kukagua kwa makini. La kwanza ni LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Aulize kama ni ya nyumba hiyo peke yake au ya kuchangia na wapangaji wengine. Mita ya kuchangia huzaa ugomvi, kwa kuwa mwenye taa tatu na mwenye kiyoyozi huchanga sawa. Tena kodi ya jengo ya serikali hukatwa humo humo mnaponunua umeme, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hilo ni deni la mwenye nyumba, basi mkataba useme kwamba atawarudishia au ataipunguza kwenye pango. La pili ni maji. Afungue bomba la jikoni, ayaonje. Maeneo mengi maji ya kisima yana chumvi, hayafai kwa chai wala kwa hita. Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, nayo yana siku za mgao. Watu watano wakitumia lita 100 kila mmoja kwa siku, tangi la lita 2,000 linawapa siku nne. Chini ya hapo mtanunua maji ya boza, yaani lori la maji, kwa bei ya shida.

Na mkiambiwa kodi ni dola, kataeni. Tangu Machi 2025 kanuni zinataka bei za ndani ya Tanzania zitajwe na kulipwa kwa shilingi.

Swali: Vyombo vyetu tunataka kuvipeleka mapema kwa lori, mume aikute nyumba tayari. Je, tutatozwa ushuru mpakani Horohoro? Na gari letu dogo?

Jibu: Msitangulize lori. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, Jedwali la Tano, inasamehe ushuru vyombo vya nyumbani vya mtu anayehamisha makazi, ila lazima athibitishe kwamba anahama. Uthibitisho wenyewe ni vibali: kwanza kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kisha kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Lori likifika mpakani bila karatasi hizo, mzigo unatazamwa kama bidhaa, na kila siku linayosimama uwanjani mnailipia. Atangulie mume, vibali vitoke, ndipo vyombo vifuate ndani ya siku 90 tangu alipoingia.

Andikeni orodha ya kila kitu, chumba kwa chumba, pamoja na namba ya friji, ya televisheni na ya mashine ya kufulia, nakala nne. Mtafuteni wakala wa forodha mapema, msiokote mtu getini. Msamaha ni wa vitu mlivyokuwa mkitumia. Televisheni mpya ndani ya boksi lake huamsha maswali, na mara nyingi shehena yote hupekuliwa kwa sababu yake. Mtungi wa gesi uuzeni Mombasa. Vyombo fungeni kwa maboksi na viroba, kwani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Dereva apitie barabara ya Dongo Kundu, vyombo vya udongo visisubiri juani kwenye foleni ya Likoni.

Gari ni habari nyingine. Msamaha wake umeandikwa kwa mtu aliyelimiliki na kulitumia nje ya nchi mwanachama kwa miezi 12. Gari lenye namba ya Kenya msilihesabu humo mpaka TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, iwajibu kwa maandishi. Ushauri wetu ni liuzwe, fedha yake isaidie ule mkupuo wa kodi.

Swali: Mimi nina saluni ndogo Mombasa. Naweza kuifungua Dar?

Jibu: Hapana, na tunasikitika kukujibu hivyo. Amri ya Julai 2025 inawazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo, na saluni imo, isipokuwa ya hotelini au ya shughuli za utalii. Pasi ya mtegemezi utakayopewa nayo haikuruhusu kufanya kazi. Piga hesabu ya nyumba kwa mshahara mmoja.

Swali: Watoto wawili wako Gredi ya 5 na ya 8. Wanazungumza Kiswahili tangu kuzaliwa, sidhani watapata taabu.

Jibu: Kuzungumza hawatapata taabu. Hesabu ndiyo itakayomsumbua mdogo. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto aliyejifunza kwa Kiingereza atakutana na KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika (LCM ya Kiingereza), na KKS, kigawo kikubwa cha shirika (GCD). Hesabu yenyewe anaijua, swali ndilo hajawahi kulisoma hivyo. Mnunulieni kitabu cha Hisabati cha darasa la tano sasa, afanye kurasa mbili kila jioni hadi Desemba. Mkimpeleka shule binafsi inayofundisha kwa Kiingereza, tatizo hilo halipo, ila mtalipa ada.

Wa Gredi ya 8 kwa umri anaangukia kidato cha kwanza, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Shule itampa mtihani wa kumpima. Bebeni barua ya uhamisho, ripoti za mihula na cheti cha kuzaliwa, vyote halisi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe cha kila aliyetimiza mwaka mmoja, na sindano ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuvuka, maana kabla ya hapo cheti hakijaanza kutambulika.