Jibu: Nimewapandishia mshahara, mbona Desemba bado wananikimbia?

Ndugu yangu mleta mada, shida yako nimeielewa. Una nyumba ya wageni ya vyumba vinane pale Shela, Lamu, umewaongeza watu mshahara, umeahidi televisheni kwa mfanyakazi bora wa mwaka, na bado kazi haiendi mpaka usukume. Kisha Desemba, wageni wamejaa, wawili wamekuaga na kuhamia kwa jirani. Unauliza uongeze nini tena, na kama kamera zitasaidia. Mimi nimefanya kazi katika hoteli za Malindi tangu nikitandika vitanda mpaka nikawa meneja. Ushauri wangu ni kwamba usiongeze kitu kwa sasa. Tazama kwanza kinachowachosha.

Kuna Mmarekani mmoja, Frederick Herzberg, ambaye mwaka 1959 pamoja na wenzake alichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Aliona kwamba yanayomuudhi mtu kazini, kama malipo duni, masharti ya ovyo na msimamizi mkorofi, ni kundi moja, na yanayompa hamu, kama kufanikisha jambo, kutambuliwa na kuachiwa dhamana, ni kundi jingine. Ukiondoa maudhi mtu ataacha kunung'unika, ila hamu haijaja. Wapo waliompinga, wakisema mtu akihojiwa hujipa sifa kwa mazuri na mabaya akawatupia wengine. Nami naona wahandisi wa Pittsburgh wako mbali na dobi wa Malindi anayelipa kodi ya chumba na karo. Kwake pesa ni kubwa kuliko Herzberg alivyodhani. Lakini ule mgawanyo wenyewe umenisaidia sana.

Tuanze na maudhi. Hukutaja tarehe ya mshahara. Mshahara mzuri unaokuja tarehe 3 mwezi huu na tarehe 15 mwezi ujao humfanya mtu aishi kwa deni la dukani, na mwenye duka haulizi kama wageni wako walichelewa kulipa. Shika tarehe moja. Idd ikiangukia kabla ya tarehe hiyo, lipa kabla ya Idd.

Kubwa zaidi ni masika. Kwa maneno yako mwenyewe, wafanyakazi wako ni "vibarua wa msimu", na Aprili mvua zikianza unawaambia warudi nyumbani mpaka utakapowaita. Sasa jiulize: mtu anayejua kwamba Aprili hana kazi, kwa nini Desemba asimfuate anayempa shilingi mia mbili zaidi kwa siku? Hakukusaliti, amepiga hesabu. Tena sheria haiko upande wako: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, ahesabiwe kama mwajiriwa wa mwezi. Ana siku moja ya mapumziko kila siku saba, na akitimiza mwaka ana likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo.

Hoteli niliyokuwa wakati wa korona, ndege za abiria za kimataifa ziliposimamishwa mwishoni mwa Machi 2020, mwenye mali alituita sote barazani, askari na mtunza bustani wakiwemo, akafungua daftari. Hiki ndicho kilichomo, hiki ndicho tunachodaiwa. Tukakubaliana nusu mshahara kwa zamu chache, na wakati huo tukapaka rangi, tukaziba mapaa, tukashona vyandarua. Ndege ziliporudi Agosti, wageni walikuwa wachache mno, ila watu wetu walikuwepo karibu wote. Jirani aliyefunga lango bila neno alianza upya na watu wasiojua hata swichi ya pampu iko wapi. Wewe huhitaji korona ili ufanye hivyo. Mwezi wa Februari waambie Aprili itakuwaje: nani atabaki, nani ataenda likizo ya malipo, kazi gani za ukarabati zipo.

Bakshishi igawanywe hadharani. Lamu hili mnalijua kuliko sisi: chombo kikirudi na samaki, mafungu hupangwa wote wakiona, fungu la chombo, la nahodha, la mabaharia. Kisanduku kikifunguliwa ofisini na mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu kama sheikh, watu watasema.

Na chakula cha wafanyakazi, jamani! Mpishi anayepika kamba wa nazi kutwa kisha anapewa ugali na makombo ya jana, usimtarajie atabasamu.

Hamu sasa. Kwetu ililetwa na shilingi 3,000 kwa wiki. Wasafisha vyumba walikuwa wakiripoti bomba linalovuja, taa iliyoungua, kitasa kilicholegea, na ripoti inalala mezani kwa bosi. Mgeni akilalamika, anayetahayari ni yule dada wa chumba. Nikawapa pesa hizo wazishike wenyewe, wamwite fundi wanayemwamini, walete risiti. Malalamiko ya vyumbani yalipungua hata wageni wakaandika kusifu. Kilichonishangaza ni kwamba walianza kubishana kuhusu fundi bora na aina ya bomba, kama watu wanaojenga nyumba yao.

Zamu pia waachie wapange wenyewe, wewe uweke idadi tu. Waislamu wetu walishika Krismasi, Wakristo wakashika Idd, bila mimi kuingilia. Kwenu ongeza Maulidi, maana wiki hiyo ukimlazimisha mtu wa Lamu akae mapokezi utakuwa na mwili wake tu. Msiba nao usiuhesabu kama ofu ya kawaida. Mfanyakazi anayetoka Ganze au Bamba, ndani huko Kilifi, hawezi kwenda mazishini na kurudi jioni.

Ile televisheni mimi ningeiweka chumba cha wafanyakazi watazame mpira. Zawadi ya mtu mmoja katika kundi la watu tisa inakuachia wanane wanaojiuliza kwa nini si wao, na mshindi anayeitwa kipenzi cha bosi. Sifa mpe mtu palepale, kwa jambo lenyewe, ukilitaja: "Yule mgeni wa chumba cha juu umemtuliza vizuri." Haigharimu kitu.

Kuhusu kamera, weka langoni na stoo kama kweli una wizi, na uwaambie zipo. Jikoni na kwenye korido usiweke.

Ukitaka, tuma hapa mpango wako wa zamu na namna unavyolipa, ukiwa umefuta majina, tuuangalie pamoja kabla ya Februari.