Maswali ya wasomaji: Kihisi cha sumukuvu kimegoma

SWALI: Tunataka kupima sumukuvu katika karanga za Nanyumbu. Tumenunua vipande vya grafini (kaboni yenye unene wa atomu moja) vyenye elektrodi, tukapaka esta ya pireni (kiunganishi cha grafini na protini), kisha kingamwili iliyo kwenye bafa ya Tris (kimiminika kinachotunza pH). Tukidondosha sumukuvu, mkondo hautikisiki. Grafini ni mbovu?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Grafini msiisingizie. Pireni hulala bapa juu yake bila kuitoboa, ndiyo maana umeme unapita vizuri. Mkia wa esta ndio unaokamata amini (vikundi vyenye nitrojeni) za protini kama kingamwili. Sasa Tris nayo ina amini, tena tele kuliko kingamwili zenu, hivyo mikia imemalizwa na bafa. Tumieni bafa ya fosfeti, pH 7.4 hadi 8.

Hata mkirekebisha hapo, kingamwili haitawasaidia sana. Sumukuvu B1 ni molekuli ndogo isiyo na chaji, na kwenye bafa ya chumvi ya kawaida grafini huhisi chaji zilizo ndani ya nanomita 0.7 tu. Kingamwili peke yake ina urefu wa nanomita 10 hivi. Agizeni aptama, yaani uzi mfupi wa DNA unaokamata molekuli maalumu, yenye amini mwishoni: ikikamata sumukuvu hujikunja, na chaji zake hasi huhama. Izimueni bafa mara 10 wakati wa kupima, umbali huo ufike nanomita 2.4. Kama aptama yenu inahitaji magnesi, msiiondoe.

Loweka kipande saa 1 hadi 2 kwenye esta ya milimola 5 ndani ya dimethilifomamidi. Suuza kwa kimiminika hichohicho, kisha methanoli. Aptama ya mikromola 1 ilale usiku kucha kwa nyuzi 4, kwenye kisanduku chenye unyevu isikauke. Mikia iliyobaki izibwe kwa ethanolamini, milimola 100, saa 1.

Chupa ya esta ikitoka kwenye friza, msiifungue ikiwa baridi. Hewa ya pwani itaangusha umande ndani, na maji huivunja esta. Ngojeni ifikie joto la chumba kabisa.

Kila hatua, pimeni volti ambayo mkondo unakuwa mdogo kuliko kote. Isipohama baada ya pireni, msipoteze aptama.

Karanga zikamuliwe kwa methanoli ya asilimia 70, mililita 5 kwa gramu. Kiwango cha mikrogramu 5 kwa kilo kitakuwa nanogramu 1 kwa mililita. Mkizimua mara 10, nanogramu 0.1. Kihisi kionyeshe hapo. Pimeni na karanga safi pia, maana mafuta hung'ang'ania grafini na kujifanya sumukuvu.

SWALI: Kinywe (grafiti) cha Ruangwa hakifai kwa kazi hii?
Msomaji, Lindi

JIBU: Kinafaa kutengenezea oksidi ya grafini: gramu 1 ya kinywe, mililita 23 za asidi ya salfa kali, gramu 3 za permanganeti inayotiwa kidogokidogo, chombo kikiwa kwenye barafu chini ya nyuzi 20. Mchanganyiko ukipita nyuzi 50 unaweza kulipuka, kwa hiyo bila kabati la kuvuta hewa ya sumu msijaribu. Oksidi hiyo haipitishi umeme vizuri mpaka ipunguzwe oksijeni, na hata hapo haifikii grafini safi.