Mama anadhani bado niko mgodini

Shangazi, kwa miaka tisa niliendesha tingatinga kwenye mgodi wa titani hapa Kwale, hadi ulipofungwa Desemba 2024. Mama yuko Kinango. Nilimwambia nimebakishwa kwenye kazi ya kurudishia ardhi na kupanda miti, na kila mwezi namtumia kama zamani. Nalipa pia karo ya watoto wawili wa kaka yangu. Sasa nakopa kwa simu. Mke wangu anauza mahamri, hajui benki kumebaki nini. Shemeji anataka tununue matatu. Nifanye nini?
Dereva, Ukunda

Mwanangu,

Uongo wako umeushona vizuri, maana kazi hiyo ya kurudishia ardhi ipo kweli. Lakini kila mwisho wa mwezi unaulipia upya, tena kwa pesa za mkopo.

Anza na mkeo, si mama. Leo usiku, unga wa mahamri ukishakandwa, mwonyeshe salio na madeni yote, hata ya Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Atakasirika. Mwache. Anaamka alfajiri akidhani anaongezea kidogo, kumbe ndiye anayelisha nyumba, na hilo litamuuma kuliko pesa zenyewe.

Kisha panda gari uende Kinango. Haya si mambo ya simu. Hukufukuzwa kwa wizi wala ulevi. Mchanga wenye madini uliisha. Mama aliyezeekea Kinango ameona mahindi yakikauka misimu mingapi? Ataelewa. Kaka yako naye aambiwe kabla shule hazijafunguliwa, si siku ya karo.

Umepiga hesabu ya kiinua mgongo? Sheria ya Ajira inataka angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Kwako ni siku 135. Ukipata pungufu, nenda ofisi ya leba. Dai pia cheti cha utumishi, ni haki yako. SHA, bima ya afya ya serikali, ilikuwa ikikatwa kwenye mshahara. Sasa jilipie mwenyewe, la sivyo mtoto akiugua utarudi kwenye mikopo.

Matatu, hapana. Unajua tingatinga, hujui makanga. Shemeji ametia shilingi ngapi zake? (Hukuniambia, nami nimeliona hilo.) Chukua cheti chako ukabishe hodi kwenye machimbo ya mawe na kwa makandarasi wa barabara, hata kama ni kibarua cha wiki mbili.

Ukishazungumza na mkeo, niandikie alisema nini.